Mtungi Mmoja Hausafishi Mtaa: Mwanza na Moshi wa Majikoni

Wakazi wengi wa Mwanza wanaamini kwamba mji uliokaa ufukweni hauwezi kuwa na hewa chafu, kwa kuwa upepo wa ziwa hupita na kuufagia moshi wote. Imani hiyo ni kweli kwa nusu ya siku tu. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo wa baridi kutoka ziwani huingia mjini kujaza nafasi. Jua likizama mambo hugeuka. Majabali na ardhi hupoa, upepo wa mchana hulegea, hewa ya baridi huteremka taratibu kutoka vilimani na kutuama mabondeni, na juu yake hulala tabaka la hewa yenye joto kidogo linaloifunika kama mfuniko wa sufuria. Saa hizo hizo, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, ndipo majiko ya Mabatini, Igogo, Mkuyuni na Kirumba yanapowashwa karibu yote kwa pamoja. Moshi unakosa pa kwenda. Kuanzia Juni hadi Septemba hali huwa mbaya zaidi, maana mvua ya kuosha hewa ni haba na huko mashambani watu wanachoma nyasi na mabua.

Kwa sensa ya 2022, Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazolibeba jiji, zilikuwa na wakazi zaidi ya milioni moja. Sehemu kubwa ya watu hao wanaishi kwenye miteremko, nyumba zimejengwa katikati ya mawe ukuta kwa ukuta, na njia ni ngazi zinazomtosha mtu mmoja na ndoo yake. Nyumba za huko nyingi ni za wapangaji: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, na kila familia ina jiko lake mbele ya mlango. Chumba cha kupikia hakipo. Mvua ikinyesha jiko huingia koridoni, na familia zote zinavuta moshi wa mapishi ya wote.

Jiko si mchafuzi pekee. Daladala na malori yanayopanda kutoka Nyegezi yanatoa moshi mweusi, barabara za vumbi zinatimua vumbi, viwanda vipo, na takataka zinachomwa nyuma ya nyumba kila asubuhi mahali ambapo gari la taka halifiki. Lakini moshi wa nyumbani una ubaya wake wa pekee: hutoka karibu na pua. Bomba la kiwanda hutoa moshi juu, na kabla haujamfikia mtu umeshachanganyika na hewa nyingi. Jiko la koridoni hutoa moshi hatua mbili kutoka kitanda cha mtoto, kwa saa kadhaa, kila siku ya mwaka. Gramu moja ya masizi ya jikoni huingia mapafuni mwa watu kwa kiasi kikubwa mno kuliko gramu ile ile iliyotoka kwenye bomba refu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tukisikia hivyo tunafikiria kikohozi na nimonia ya watoto, na ni kweli nimonia imo. Ila zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni vya maradhi ya moyo na kiharusi. Chembe za masizi ambazo ni ndogo kuliko unene wa unywele mara makumi kadhaa hupita mapafu, huingia kwenye damu, na huko huumiza mishipa mwaka hadi mwaka. Mama anayefikishwa hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure akiwa amepooza upande mmoja huandikwa kuwa na shinikizo la damu. Miaka thelathini aliyoinama juu ya jiko haiandikwi popote. Kwa Tanzania, takwimu ambazo serikali yenyewe huzitaja ni vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na kupikia kuni na mkaa.

Mjini, adui mkubwa ni mkaa, na mkaa unadanganya. Mtu aliyekulia kijijini Magu au Kwimba, kwenye mafiga matatu na kuni mbichi, akihamia mjini na kununua jiko la mkaa huona ameachana na moshi. Hebu tuliangalie jiko hilo linavyowashwa. Saa kumi na mbili jioni mama au binti hulitoa nje, hupanga vipande vya mkaa, huchomeka chini yake karatasi, vijiti, kipande cha mfuko wa plastiki au cha kandambili iliyokatika, pengine na tone la mafuta ya taa, kisha hupepea kwa mfuniko. Kwa dakika kumi na tano hadi ishirini hutoka moshi mzito wa njano wenye harufu ya plastiki, na huo hauendi mbali. Unaingia dirishani kwa jirani. Mkaa ukishakuwa mwekundu moshi hukoma, jiko huingizwa ndani, na hapo ndipo hatari hubadilisha sura. Mkaa unaowaka bila moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa imekufa asubuhi. Wale ambao hawafi huamka na kichwa kizito, na mjamzito hupitisha hewa hiyo hiyo kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa nini basi watu hawauachi? Si kwa kukosa elimu. Mwanamke yeyote wa Mabatini anajua kwamba moshi unamuumiza. Macho yake yanamwambia kila jioni. Mkaa una sifa moja ambayo nishati nyingine hazina: unanunuliwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja leo anapika leo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 kuujaza ni kati ya shilingi 22,000 na 26,000 kwa mara moja, na kwa mtu anayeuza ndizi, kusukuma mkokoteni au kupara samaki katika soko la Mwaloni, kuwa na 25,000 za kukaa mkononi siku gesi inapoisha ni jambo gumu. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima, mara nyingi mkaa unazidi gesi kwa gharama. Maskini analipa zaidi kwa sababu analipa kidogo kidogo. Hesabu hiyo kila mmoja anaijua, na kuijua hakumpi mtaji.

Serikali imelipokea jambo hili kwa uzito, na hilo lisemwe bila kusita. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi. Siku chache baadaye alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kama shule, magereza na vyuo, zilipewa muda wa kuachana na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiuza mitungi ya kilo 6 kwa nusu ya bei katika wilaya mbalimbali. Kabla ya hapo Watanzania waliokuwa wakipikia nishati safi hawakufika hata mmoja kwa kila kumi.

Shida ni namna tunavyohesabu. Kila taarifa inataja mitungi iliyogawiwa: wilaya hii elfu kadhaa, kata ile mia kadhaa, picha ya akina mama wamebeba mitungi kichwani. Mtungi uliogawiwa ni chuma. Kama haujajazwa tena, umegeuka stuli. Na hata ukijazwa, kama uko kwa familia moja kati ya kumi za nyumba ile ya korido, familia hiyo inapika kwa gesi huku ikivuta mkaa wa tisa waliobaki.

Ushahidi wa utafiti umeshalionyesha hili kwa namna iliyowashangaza wataalamu. Nchini Malawi, katika wilaya za Chikwawa na Karonga, majiko bora ya kuni yenye feni yalijaribiwa kwa watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyochapishwa 2017 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia. Baadaye ukaja mradi mkubwa zaidi uitwao HAPIN, katika Rwanda, Guatemala, India na Peru. Wajawazito wapatao 3,200 walishiriki. Nusu yao walipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18. Kwa upande wa moshi mafanikio yalikuwa makubwa: hewa waliyoivuta ilikuwa na mikrogramu 24 za chembe ndogo kwa mita ya ujazo, ikilinganishwa na 70 hivi kwa wale wasiopewa. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala nimonia kali haikupungua kama ilivyotarajiwa. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi gesi haina faida. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Angalia hiyo 24. Mwanamke amepewa gesi ya bure, ameacha kuni, na bado anavuta karibu mara tano ya kiwango cha mikrogramu 5 ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza tangu 2021. Moshi uliobaki kwa sehemu kubwa haukutoka jikoni kwake. Ulitoka kwa majirani, kwenye takataka zinazochomwa, barabarani na mashambani. Na kama hali ni hiyo kijijini ambako nyumba zimeachana, Mwanza ya mawe na korido itakuwaje?

Ndiyo maana nasema kipimo chetu kiwe mtaa, kisiwe kaya. Jiji la London lilijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ya majumbani ulituama juu ya jiji lisilo na upepo na kuua maelfu ya watu. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 haikuishia kumhimiza kila mwananchi abadili jiko kwa hiari yake. Iliziruhusu halmashauri kutangaza maeneo yasiyo na moshi, mtaa kwa mtaa, na ikaweka fedha mezani: mwenye nyumba aliyelazimika kubadilisha jiko alirudishiwa sehemu saba kati ya kumi za gharama. Indonesia nayo kuanzia 2007 iliwahamisha watu kutoka mafuta ya taa kwenda gesi, eneo baada ya eneo, kwa mitungi midogo ya kilo 3 iliyogawiwa kwa makumi ya mamilioni ya familia. Eneo likishakamilika, mafuta ya taa ya ruzuku yaliondolewa hapo. Nchi hizo mbili zina tofauti za kila aina, ila zote zilimaliza sehemu moja kabla ya kwenda nyingine. Sisi tunanyunyiza mitungi nchi nzima, na hakuna mtaa hata mmoja ambao mtu anaweza kusimama jioni akasema hapa hewa imebadilika.

Tukija kwenye umeme, hapa ndipo Mwanza inaweza kufanya kitu ambacho miaka kumi iliyopita kisingewezekana. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na nchi imetoka kwenye mgawo hadi kwenye umeme unaotafuta watumiaji. Wakati huohuo zimefika madukani sufuria za presha za umeme. Hizi hazifanani na lile jiko la koili lililozoeleka kwa kumeza uniti. Zimefungwa, hazipotezi joto, na zinajizima zenyewe. Nusu kilo ya maharage huiva kwa takriban nusu uniti, na hata kwa bei ya kawaida ya umeme, ya kundi la T1, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, chungu hicho hakifiki shilingi 200. Maharage hayo hayo kwa mkaa yanataka saa mbili na kopo zima au zaidi.

Jambo hili lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya namna watu wanavyopika kweli. Familia zenye gesi mjini haziachi mkaa. Zinatumia gesi kwa chai ya asubuhi, mayai na kupasha chakula, na zinatunza mkaa kwa maharage, makande, makongoro na kila kinachochemka muda mrefu. Wanaogopa gesi itaisha, na wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo mkaa unaobaki ndio ule unaowaka saa nyingi. Hapo hapo ndipo sufuria ya presha inashinda nishati zote. Ugali haiupiki, ugali unataka mwali na mwiko, na gesi inauweza bila shida kwa dakika kumi na tano. Gesi kwa ugali na dagaa, umeme kwa maharage: mchanganyiko huo unaweza kulitoa jiko la mkaa ndani ya nyumba kabisa, na sijaona kampeni inayouelezea hivyo kwa lugha ya mapishi yetu.

Kizuizi kiko kwenye mita. Mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, analipishwa zaidi, na akiendelea hivyo huhamishwa T1. Nia ya mpango huo ni nzuri, kumlinda maskini. Lakini maskini wa mjini hana mita yake. Nyumba ya wapangaji wanane ina mita moja ya LUKU, ya kulipia kabla. Taa, televisheni, pasi na friji la mwenye nyumba hupita uniti 75 kabla ya katikati ya mwezi. Wote wanalipa bei ya juu. Ugomvi wa nani ametumia nini humalizwa na mwenye nyumba kwa tangazo ambalo kila mpangaji wa Kitanzania amewahi kulisikia: hapa hakuna kupikia umeme. Hata angepewa sufuria ya presha bure, hana pa kuichomeka. Anayetaka kupunguza moshi wa Igogo aanze na tangazo hilo. Mita ndogo za kila chumba zinapatikana, wenye nyumba wakishawishiwa na gharama ya kuzifunga ikisaidiwa wanaweza kuzikubali, na TANESCO na mdhibiti wa bei, EWURA, wanaweza kuweka bei ya kupikia inayomtambua mpangaji. Hili ni la kiutawala zaidi kuliko la kiufundi, na ni rahisi kuliko kusafirisha mitungi milioni moja.

Kwa gesi, dawa ya tatizo la 25,000 inajulikana pia: kuuza kidogo kidogo. Kampuni ya KopaGas ilianzia Dar es Salaam kwa kufunga mita juu ya mtungi, mteja akilipia kwa simu kiasi anachokiweza, hata cha siku moja. Mpango wa aina hiyo ungefaa miteremko ya Mwanza, mahali ambapo hata kuupandisha mtungi mzima hadi juu ya mawe ni kazi ya kumlipa mtu.

Mbali na nyumba za kupanga, upo ufukwe, nao kwa hesabu yoyote ni jiko kubwa. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi, hakauki juani kwa urahisi kama dagaa. Kwa hiyo kuanzia Kayenze na Igombe hadi visiwani watu hubanika. Wabanikaji wengi ni akina mama. Tanuri ni la udongo au la pipa lililokatwa, wavu juu yake, samaki waliokunjwa mkia mdomoni, na mabati chakavu ya kufunikia. Mafuta yanayodondoka kwenye moto huzidisha moshi, na mama husimama hapo hapo akigeuza samaki mmoja mmoja ili wasiungue, mara nyingi na mtoto mgongoni. Anayevuta moshi huo kwa saa sita anapata dozi ambayo hakuna jiko la nyumbani linaloweza kumpa. Pembeni kuna wakaangaji wa mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu, makaango yao yakiwaka kuni siku nzima.

Kwa tanuri la kubanikia kuna mfano wa Kiafrika wa kuiga. Senegal, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilibuni tanuri liitwalo FTT-Thiaroye, lenye sinia ya kukinga mafuta yasidondokee motoni na sehemu ya pekee ya kutengenezea moshi wa kuonjesha samaki. Linatumia nishati kidogo, na samaki wake hawabebi kemikali nyingi za moshi zinazowafanya wakataliwe kwenye masoko ya nje. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una chuo chake Nyegezi, ndani ya jiji hili hili. Mahali pa kufundishia pako. Kinachotakiwa ni mkopo kwa vikundi vya wabanikaji, kwa sababu tanuri hilo si la mtu mmoja.

Habari njema ya ufukweni ni taa. Kwa miongo mingi wavuvi wa dagaa walitegemea karabai, na nyumbani kibatari; utambi wa kibatari hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa kuwa masizi meusi. Taa za betri na za sola zimeviondoa hivyo kwa kasi, bila amri ya mtu, kwa sababu zilikuwa nafuu na bora. Mtumiaji akipata kitu kinachomfaa zaidi kwa pesa ile ile, habembelezwi.

Moshi una deni lingine ambalo watu wa ziwa wanapaswa kulijua. Mwaka 2005 Rashid Tamatamah, ambaye baadaye alikuwa katibu mkuu wa sekta ya uvuvi, pamoja na wenzake Hecky na Duthie, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hutoka angani, ikishuka na mvua na vumbi, na uchomaji wa mimea ukiwa miongoni mwa vyanzo. Fosforasi ni mbolea. Hulisha mwani unaogeuza maji kuwa kijani, nao ukifa na kuoza huimaliza oksijeni ya samaki. Sehemu ya moshi tunaodhani umefagiwa na upepo imetua majini, na tunaivuta tena kwa wavu.

Sasa niseme kitu ambacho huenda baadhi ya wapenzi wa mazingira hawatakifurahia. Tumechanganya kampeni mbili, ya kuokoa miti na ya kuokoa mapafu, na mara nyingi ya miti ndiyo inayoongoza. Miti ni muhimu; mkaa wa Mwanza unatoka Tabora, Geita na Kahama, na misitu ya huko inapungua mbele ya macho yetu. Kanda hii pia ina ushahidi kwamba inaweza kurudi: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulirejesha uoto kwenye maeneo makubwa kwa kutumia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Lakini jibu la miti si lazima liwe jibu la hewa. Mkaa wa miti ya kupandwa unaokoa msitu wa asili, na unatoa kaboni monoksidi ile ile. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe, kama ule wa shirika la madini la taifa, STAMICO, hauangushi mti hata mmoja, ila jiko linalochoma makaa ya mawe koridoni bado linachoma kitu koridoni. Jiko banifu linapunguza mkaa kwa kiasi kizuri, nalipendekeza kwa asiye na njia nyingine, lakini tusimwambie mama kwamba amepata hewa safi. Malawi imeshatujibu.

Na marufuku peke yake haifai. Mapema 2006 serikali ilizuia biashara ya mkaa; bei ilipanda, watu hawakuwa na kingine cha kupikia, na katazo halikudumu. Marufuku huja mwisho, baada ya mbadala kufika mlangoni, kama ilivyokuwa kwa mafuta ya taa ya Indonesia.

Kuna suala la kupima hewa pia. Tangu 2015 Chuo Kikuu cha Makerere, ng'ambo ya ziwa hili hili, kimekuwa na mradi wa AirQo unaotengeneza vifaa vidogo vya kupima hewa na kuvitundika Kampala, shuleni, vituoni, hata kwenye bodaboda. Tanzania ina Kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ina chombo cha taifa cha mazingira cha kuzisimamia. Kanuni bila kifaa cha kupimia haimlindi mtu. Vifaa ishirini au thelathini kutoka Buhongwa hadi Igombe, vikisomwa saa mbili usiku, vingetuambia kuhusu mkakati wa taifa mambo ambayo orodha yoyote ya mitungi haiwezi.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji, Manispaa ya Ilemela, REA na TANESCO ni moja. Chagueni mtaa mmoja Mabatini na mmoja Kirumba. Kaeni na wenyeviti, wenye nyumba, mama lishe na wauza mkaa wenyewe, ambao nao wanahitaji biashara nyingine kabla hii haijafungwa. Fungeni mita kwa kila chumba, pelekeni gesi ya kulipia kidogo kidogo, toeni sufuria ya presha kwa mkopo unaokatwa kwenye LUKU, na hakikisheni gari la taka linafika ili mtu asichome. Tundikeni vipima hewa kabla ya kuanza, na msiende mtaa wa tatu mpaka hiyo miwili imekamilika, nyumba kwa nyumba. Juni inakuja, na kiangazi kimoja kinatosha kuonyesha kama tumefanikiwa.